Mitungi ya Pave Haishiki Rangi

Zlarin, 9 Januari 1983

Mume wangu Jerko,

Salamu zikufikie huko Uswidi kwenye barafu, zikukute umeshiba na umevaa soksi mbili. Mimi bibi yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo sasa limekuwa kama mpangaji mkorofi, halilipi wala halihami. Mama yako ameandika kutoka Split, yeye na mumewe hawajambo, wanakusalimu. Punda tumemuuza. Zane wa mgahawani amepaka kuta zake chokaa na sasa anajiona mwenye hoteli.

Kabla ya yote nina kesi na wewe. Mkesha wa Mwaka Mpya ulipiga simu kwa Zane, nikakimbia na goti hili hili, aproni kiunoni, unga mikononi. Nikakuuliza, mjukuu wangu, umekula? Ukasema, nini? Nikasema, umekula? Ukasema, nini? Mgahawa mzima ukanyamaza kunisikiliza napiga kelele umekula, umekula, kama mtu anayeita mbuzi waliopotea. Halafu ukasema, "Haya Bibi, nitaandika," ukakata. Toka siku hiyo hujapiga tena. Kama sauti yangu imekuchosha, sema. Nimezaliwa nayo, na babu yako alinioa nayo.

Haya, tuje kwenye lako. Kwenye barua ya Krismasi ulisema utarudi mitungi ya kupigia mbizi ya marehemu baba yako ikishakuwa tayari, na kwamba wewe ndiye utakayeshuka nayo kutafuta marijani kama yeye. Barua hiyo nimeisoma mpaka imechanika pale ilipokunjwa. Ua wangu umejaa mitungi ya watu kama kila mwaka, wapiga mbizi wote wa kisiwa hiki wanataka kutu zao zitoke kabla ya Pasaka, lakini nimewaambia wasubiri. Tangu tumzike Pave mwanangu, miaka minne hii, mitungi yake ilikuwa nyuma ya pipa la divai, imefunikwa gunia. Nimeitoa. Nimeivua viatu vyake vya mpira vya chini. Humo chumvi ilikuwa imeganda nene, na chini ya chumvi kutu.

Nimeigonga kwa nyundo yangu ndogo, sikio karibu. Yote miwili inaimba. Chuma kizima huimba, kigonjwa hukohoa, nilikufundisha hayo kabla hujang'oka meno ya utoto. Kwa hiyo inaponyeka. Nitaipaka.

Usilale na miguu mibichi.

Mke wako mzee,
Luce

* * *

Malmö, 6 Februari 1983

Bibi Luce, mke wangu wa kwanza,

Barua yako imefika na alama za vidole vya mafuta, nikajua uliiandika ukikaanga kitu. Nimeinusa lakini sikuweza kujua ni nini. Mimi sijambo. Chakula cha huku bado vita. Samaki wanamtia sukari, mkate wanautia sukari, na najua ukisoma hapa utapiga ishara ya msalaba. Mafua niliyokuwa nayo Novemba yameisha zamani. Kazi ni ileile, tunapaka rangi matumbo ya meli, tunaingia na taa asubuhi na kutoka na taa jioni.

Simu usiiwekee moyoni. Laini za huku ni mbovu, na bwenini watu wanapiga kelele usiku kucha. Ni afadhali tuandikiane, barua angalau mtu anairudia.

Kuhusu mitungi, toa ile bluu yote ya zamani mpaka zinki ionekane. Najua utaona uchungu kuitoa. Mashua bluu, madirisha bluu, benchi bluu, mitungi bluu, Baba angempaka hata kuku kama kuku angetulia. Lakini chini ya rangi ya zamani ndiko kutu inakojificha, na mimi nataka ianze upya. Nikifika nitashuka nayo pale pale Mwamba wa Mtawa alipokuwa akishuka yeye. Nimeshajiona nikitokea na kapu limejaa, na wewe umesimama gatini unajifanya huniangalii.

Ila usifanye haraka, Bibi. Afadhali ichelewe itoke nzuri. Tuseme Agosti, kwa sikukuu ya Mama Maria. Kama haitakuwa tayari kwa Agosti, basi, sitagomba.

Nina hamu ya nyumbani, sikufichi. Kazini nikifungua kopo la rangi nainama kwanza ninuse, maana rangi ikichanganyika na ubaridi inatoa harufu ya ghala letu. Wenzangu wananiita mlevi wa makopo. Nawaacha waseme. Nanusa mara ya pili.

Mjukuu wako,
Jerko

* * *

Zlarin, 13 Machi 1983

Mume wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani zangu na za paka. Goti ni lilelile. Upepo wa jugo umevuma mfululizo, kuta zinatoka jasho, shuka zinatoka jasho, padri naye amehubiri kwa kifupi kwa mara ya kwanza maana makaratasi yake yalikuwa yameshikana. Mlozi wa nyuma ya nyumba haujachanua vizuri. Shangazi yako hana jipya, bado anamnunia Zane kwa sababu asizozijua mwenyewe.

Sasa sikia msiba wa mitungi. Ndani ni kazi safi. Nimetia kokoto kali, nikafunga, na kila jioni naiviringisha kwa miguu chini ya kiti huku namenya maharage. Zane alishusha taa ndogo kwa uzi, akachungulia, akasema ndani panang'aa kama kijiko cha harusi. Nje ndiko kwenye matata. Nilitoa bluu yote kama ulivyosema, nikaipaka rangi ya mashua, ile bluu mpya iliyobaki nilipopaka madirisha. Ilipendeza. Niliiacha ikauke, nikaenda misani, nikaenda tena misani, kisha nikaipitisha kitambaa. Rangi ikatoka na kitambaa. Inabanduka kama ganda la yai lililochemshwa.

Nadhani ni jugo. Nitaikwangua nianze tena. Agosti iko mbali, na nikianza kuhesabu nasahau chungu jikoni, kwa hiyo nimeacha kuhesabu.

Umetaja Mwamba wa Mtawa. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaenda kulisha kuku.

Binti yake Zane hupiga simu kutoka Australia kila Jumapili, na sauti yake inasikika wazi kama yuko choo cha hapo uani. Australia, Jerko. Wewe uko hapo Malmö tu. Nakaa mezani kwa Zane na kikombe kimoja cha kahawa mpaka kinapoa, ili simu ikilia wasinitafute. Zane anajua ninachongoja, hanidai hela ya kahawa. Piga hata mara moja. Sitakuuliza kama umekula.

Luce

* * *

Malmö, 17 Aprili 1983

Bibi,

Shikamoo mke wangu. Natumaini goti limehama. Huku theluji imeisha, imebaki tope, na watu wanatoa viti nje na kukaa juani na makoti yao kama wagonjwa waliotolewa wodini. Nimepata kunenepa kidogo. Nakushukuru kwa tini kavu ulizonitumia, nakula moja moja nikiwa peke yangu, sitaki mtu aniombe.

Nimesoma barua yako ya mitungi. Nikairudia. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Rangi ya mashua, Bibi? Rangi ya mafuta juu ya zinki? Mimi napaka meli siku hizi na msimamizi ananisifu, lakini nani alinifundisha kwamba rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki inageuka sabuni kwa chini na kubanduka yote? Nilikuwa na miaka mingapi, minane, nilipopaka ndoo ya zinki kukufurahisha, nawe ukanionyesha kwa kidole jinsi inavyoteleza? Kisha ukaniambia, siki kwanza, Jerko, siki itie zinki ukali ndipo rangi ipate pa kushika. Umetunza mitungi ya kisiwa kizima tangu kabla sijazaliwa. Hata mmoja haujawahi kubanduka. Ya Baba ndiyo inabanduka.

Jugo haina kosa. Najua unachofanya.

Sitaki kukufanya uandike usichotaka kuandika. Nasema hivi tu. Nimesema nitarudi mitungi ikiwa tayari, na neno langu ni hilo. Ukiimaliza sawasawa, nitajua unanitaka nyumbani. Ikiendelea kubanduka, nitajua jibu lako na sitakulaumu. Nitakaa huku.

Ulisema kuhusu simu. Tutaona.

Jerko

* * *

Zlarin, 5 Juni 1983

Jerko,

Safari hii sikuiti mume. Salamu utazipata mwisho, kama nitakuwa nimetulia.

Umengoja jibu, najua. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli, halafu kwa sababu uliisema kama wakili mahakamani: ukifanya hivi nitajua hivi, ukifanya vile nitajua vile. Mimi nilikulea tangu mama yako alipokwenda Split, nimekuosha masikio kila Jumamosi kwa pembe ya taulo, na leo unataka mitungi ikushuhudie kama nakutaka.

Basi nisikilize. Mitungi ile haikuwa na kosa. Niliitunza mimi, ilikuwa safi, hewa ilikuwa safi. Baba yako alipanda juu mzima, akakaa kwenye mashua, akavua barakoa, akaomba maji. Alifariki kabla kikombe hakijamfikia. Alikaa chini muda mrefu, maana kapu lilikuwa zuri, kisha akapanda haraka, na hewa ikamtoka mapovu ndani ya damu. Nimeligeuza hilo kichwani miaka minne. Chuma kilifanya kazi yake na mimi nilifanya yangu, na mwanangu hakurudi. Sasa wewe unaniambia niipake tena ili ukashuke mahali palepale. Mkono wangu ulikwenda kwenye kopo la mashua wenyewe. Nilipoona inabanduka nilishukuru Mungu, nikaikwangua, nikaipaka vilevile tena. Mara ya pili hukuijua. Sasa unaijua.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo kwenye benchi. Nikajiuliza, niwe na mjukuu hai Malmö nisiyemwona, au mjukuu anayeshuka baharini nami namngoja gatini kila siku aliyo chini? Nilijiuliza mpaka mahindi ya kuku yakaliwa na njiwa. Nimechagua kukungoja gatini. Ni uchaguzi mbaya, na ndio wangu. Sitaki kufa nikiwa nimekutunza kwa mbali kama hati ya shamba.

Nimeikwangua mpaka zinki. Palipokuwa na kutu chini ya viatu nimekwangua mpaka chuma cheupe, nikapaka ile dawa ya zinki ya kopo niliyoagiza mjini Šibenik. Nimeiosha kwa siki, nikaisuuza kwa maji ya mvua ya kisimani, nikaikausha kichwa chini karibu na jiko, siyo karibu sana, moto ukizidi chuma kinapoteza nguvu. Kisha rangi ya makopo mawili inayochanganywa, nyembamba, ikauke, nyembamba tena. Nyeupe. Bluu sikuweza kuitia tena. Namba zilizogongwa begani mwa mitungi nimeziacha zisomeke. Viatu vya mpira sikuvirudisha, ndivyo vilivyofuga chumvi, nimevitupa.

Nimekwaruza kwa ukucha. Nimekwaruza kwa kisu cha samaki. Haibanduki.

Mitungi iko tayari, Jerko. Njoo.

Paka anakusalimu.

Luce

* * *

Zlarin, 3 Julai 1983

Mjukuu wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo. Joto limeingia, nyenje hawanyamazi, nyanya zimeiva mbili tatu.

Meli ya posta imekuja mara nyingi na haina kitu chako. Zane anasema huenda umeshapanda treni na unataka kunishtua. Nilimwamini siku kadhaa, nikawa napika chungu kikubwa, nikawa namalizia mwenyewe na kuku.

Mitungi Zane amenijazia hewa kwa mashine yake anayowajazia wapiga mbizi. Ipo ghalani imesimama, naifuta vumbi ingawa haina vumbi. Ulisema ukiona imekwisha utajua. Umeshajua, au bado?

Niandikie hata kunitukana. Hamu yako inanitesa.

Bibi

* * *

Malmö, 17 Julai 1983

Bibi yangu,

Nisamehe kwa kimya. Barua zako zote mbili ninazo mfukoni mwa shati, ile ya Juni nimetembea nayo mpaka wino umepaukia kifuani. Salamu nimeleta nyingi lakini nataka kwanza nitoe jambo hili kabla sijaogopa tena.

Nilikuwa naomba iendelee kubanduka. Nilikuandikia maneno yale makali nikiwa na hakika kwamba hutathubutu kuimaliza. Nilijua unaogopa, nikajificha nyuma ya woga wako. Nikasema moyoni, mitungi haitakuwa tayari mwaka huu wala ujao, na mimi nitakuwa na sababu ya kukaa huku, na lawama itakuwa ya rangi. Halafu ukaimaliza.

Siwezi kushuka, Bibi. Novemba, meli moja ilikuwa imenaswa na kamba kwenye panga boi la nyuma, wakauliza nani anajua kupiga mbizi, nikainua mkono kabla hawajamaliza kuuliza. Nilikuwa na mafua. Kila mtoto wa Zlarin anajua hushuki na mafua, Baba angenizaba kofi mbele za watu. Lakini nilitaka Waswidi wale waone mtu wa kwetu anavyoshuka. Nilikwenda chini, sikio likakataa, nikalazimisha. Kamba niliitoa. Sikio la kushoto lilipasuka, kisha likaoza, kisha usaha ukahamia la kulia. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linasikia nusu, na kwenye simu halisikii kitu zaidi ya nyuki. Daktari amesema nisishuke tena maisha yangu yote, hata kwenye bwawa la watoto. Ahadi ya Krismasi niliiandika nikiwa nimeshaambiwa, kwa kuona haya.

Ule usiku wa Mwaka Mpya nilikuwa nakusikia wewe kama mtu anayesema ndani ya gunia. Nilijua ni wewe. Sikujua unasema nini. Nilipokata simu nilikaa chini ya ngazi nikalia, na tangu hapo sikuweza kupiga tena, maana nisingevumilia kusema "nini" kwako wewe.

Baba alishuka, babu alishuka, baba yake babu alishuka na jiwe mkononi. Mimi nikija nitakaa gatini na wanawake wanaongoja. Siwezi hata kazi yako, sitausikia mtungi ukigongwa, sitajua kama unaimba au unakohoa. Sasa nije nifanye nini? Nije niwe nani?

Likizo yangu inaanza tarehe kumi na moja Agosti. Tiketi ya treni nimekata, na nimeiweka chini ya mto, sijui kwa nini nakwambia hivyo. Nikipanda, nitafika Zlarin tarehe kumi na tatu kwa meli ya jioni. Mitungi umeitengeneza kwa ajili ya mtu mwingine. Kama unaona ni vigumu kumpokea huyu, usijibu, nitaelewa.

Jerko

* * *

Zlarin, 27 Julai 1983

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Naandika haraka, meli ya posta inaondoka na Zane ameniazima kalamu na amesimama nyuma ya bega langu anachungulia, mwambie aondoke.

Barua yako nimeisomea gatini. Nilipofika pale uliposema hutashuka tena maisha yako yote, nilicheka kwa sauti mbele za watu. Mungu anisamehe, mjukuu wangu amepata kilema na mimi nacheka. Kisha nikalia kwa ajili ya sikio lako, nikalilia vizuri, nililiosha mimi sikio lile. Kisha nikacheka tena. Wamenipa kiti. Wanadhani ni jua.

Unauliza uje uwe nani. Mpumbavu wewe, kushuka na mafua, ningekuwepo ningekuzaba hilo kofi la baba yako na la kwangu juu yake. Uje uwe Jerko. Mimi sikumwambia Pave ashuke wala babu yako ashuke, niliwakuta tayari wamelowa.

Na kazi ipo. Mkono wangu wa brashi umeanza kutetemeka, sikukwambia, mitungi ya baba yako nimeipaka nikiwa nimeegemeza kiwiko kwenye meza. Ua umejaa vyuma vya watu na kutu inaingia kila siku, haijui kama ni sikukuu. Wewe utakwangua, utaosha kwa siki, utapaka. Nyundo nitashika mimi. Nitagonga na nitasikiliza, na ukiniona nimetikisa kichwa, ujue unakohoa. Masikio yangu ni mazima yote mawili, yanatutosha.

Mitungi ya Pave nimefungua valvu, hewa yote ikatoka, ilipiga mluzi mrefu na paka hajarudi mpaka sasa. Nimeiacha na pumzi kidogo tu ndani ili unyevu usiingie. Imesimama mlangoni huku na huku, nyeupe. Jana mtalii mmoja alitaka kuinunua. Nimemfukuza kwa ufagio.

Usikae na tiketi chini ya mto, itie mfukoni. Kula kitu treni ikisimama. Tarehe kumi na tatu, meli ya jioni, utaniona, nitavaa kitambaa cha njano. Usinikimbilie, utateleza kwenye mawe. Shuka taratibu, nami nitakuja upande wa kulia.

Luce